Togwa ya Pumba

Ungo hupepeta, hauhukumu.

Ndivyo alivyowajibu yule mama mliyemcheka leo pale mashineni, mlipomwona akikinga mfuko safi chini ya mdomo wa kutolea pumba. Alisema hayo tu akaenda zake, nanyi mkabaki mkitazamana, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefanya vyema kuuliza. Methali ambayo mtu hajui chanzo chake hugeuka kuwa pambo la mdomoni. Hii haikutungwa na mtu aliyekaa akitafuta maneno mazuri. Ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa amebakiwa na usiku mmoja wa kuishi. Chimbuko lake ni hili.

Miaka ile mashine za kukoboa mpunga zilikuwa bado ngeni bondeni kwetu. Watu walitwanga kwa kinu na mchi, wakala wali wenye rangi ya udongo mwepesi, na mchele mweupe ukabaki chakula cha maharusi na wageni wa heshima. Basi ulipofika wakati wa kujenga daraja la mto Luhembe, kikosi cha wajenzi kilikuja na mashine yake ndogo ya dizeli, na magunia ya mpunga yakapangwa stoo mpaka yakagusa bati. Kambi ilipigwa juu ya kilima cha mawe na nyasi, watu thelathini na sita ukijumlisha wake na watoto. Banda la mashine lilijengwa chini, karibu na maji, ili pumba zisukumwe mtoni bila taabu.

Msimamizi wao aliitwa Polikarpo Matimbwa, mtu wa haki, lakini mwenye kupenda mambo yake yaonekane. Aliagiza mpunga upite mashineni mara mbili, mchele utoke ukimeta kama jino la mtoto. Wafanyakazi wakamsifu, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula wali wa harusi kila siku. Mkewe, Gaudensia, alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto wao wa kwanza, Kalisti, alikuwa na miezi mitano. Habari hii ni ya Gaudensia kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyelazimika kuchagua.

Mpishi wa kambi alikuwa Desderia, mjane wa makamo aliyetoka vijiji vya mto wa juu, asiye na ndugu pale kilimani. Polikarpo alimwajiri kwa maneno machache: posho ni ya wajenzi na familia zao, mpishi atakula kitakachobaki chunguni. Akamruhusu pia kuchukua pumba kwa ajili ya bata wake sita. Desderia akaitikia, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kazi.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Katika siku nne barabara ilikatika pande zote mbili, mto ukapanuka hadi miguuni mwa kilima, na kambi ikawa kisiwa. Mtumbwi pekee ulisombwa pamoja na bata wa Desderia. Maharage yalilowana yakaoza, dagaa wakaisha, na nyasi za pale juu hazikuwa na mboga hata moja. Waliojaribu kuvua walirudi mikono mitupu, maana maji yalikwenda kwa kasi na yalibeba magogo. Hata hivyo hakuna aliyeogopa njaa. Mpunga ulikuwa tele, mashine ilikuwa na mafuta, na wali mweupe ulipakuliwa asubuhi na jioni, na chumvi, na chai ya rangi.

Wiki ya sita wanaume walianza kulalamika kwamba nyayo zao zimekufa ganzi. Wakafanya mzaha, wakasema ni baridi ya maji. Kisha miguu ikavimba. Ukibonyeza muundi wa mtu kwa kidole gumba, kishimo kilibaki pale muda mrefu kama alama katika udongo mbichi. Mafundi waliozoea kubeba mbao mbili begani walipanda kilima kwa kusimama mara tatu njiani, wakihema, mkono kifuani. Wiki ya saba Severini seremala, mtu wa miaka thelathini, aliketi kwenye jiwe apumzike na hakuinuka tena.

Walimzika palepale juu, kwa sababu hapakuwa na pengine.

Baada ya mazishi mazungumzo ya kambi yalibadilika. Watu waliacha kusema juu ya mvua wakaanza kuangaliana miguu. Gaudensia naye alihisi kama sindano miguuni, zikimchoma usiku kucha, lakini hakumwambia mumewe. Alikuwa na jambo lililomtia hofu zaidi. Kalisti alikuwa ameanza kutapika maziwa. Alinyonya kidogo, akaachia, akageuza uso kama mtu mzima aliyechoka. Sauti yake ya kulia ikaanza kukwaruza.

Mtu wa pili kufa alikuwa kijana wa zege aliyeitwa Ngwila. Alifariki Alhamisi alfajiri, wiki ya tisa. Asubuhi hiyohiyo wanaume wote walioweza kutembea walikusanyika mbele ya stoo, na Mchombe, fundi wa mashine ya kukoboa, akaomba kusema. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Alisimama peku, ameegemea fimbo.

"Sote tunakula chungu kimoja," alisema. "Sote tumevimba. Yeye anayekipika hajavimba."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Wote walikuwa wameona, ila kila mmoja alikuwa ameona peke yake: Desderia alipanda kilima na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika, na miundi yake ilikuwa mikavu kama miti ya mchi. Mchombe akaendelea. Akasema bata walisombwa wiki ya pili ya mafuriko, lakini mpaka jana mwanamke huyo alikuwa akija bandani na ungo wake kuchukua pumba. Bata hawapo, pumba anampelekea nani? Akasema pia kwamba hakuna aliyewahi kumwona akila wali anaoupika.

Wakaenda kibandani kwake. Nyuma ya mlango walikuta chungu kilichofunikwa kwa jani, na ndani yake kinywaji cha rangi ya vumbi kilichonuka uchachu. Mmoja alikipiga teke kikapasuka. Desderia, aliyekuwa akichochea moto jikoni, alikamatwa mikono na kuletwa mbele ya Polikarpo. Walimwuliza mle chunguni mlikuwa na nini. Akatazama chini, asijibu. Walimwuliza mara tatu, na mara zote tatu akanyamaza, na ukimya ule ukawa ushahidi mkubwa kuliko chungu chenyewe.

Wengine walitaka atupwe mtoni saa ileile. Polikarpo alikataa. Alisema atafungwa katika banda la mashine mpaka barabara ifunguke na askari wafike. Mchombe akamjibu kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko makelele, kwamba barabara itakapofunguka hapatakuwa na mtu wa kuwapokea askari. Wakavutana mpaka Polikarpo, ambaye naye alikuwa akihema, akakubali kungoja hadi kesho tu. Kesho asubuhi, wakasema wanaume, watamvusha mto. Kila mtu alijua kuwa mtumbwi haupo.

Gaudensia alisikia yote akiwa mlangoni mwake, mtoto mkononi. Alitazama chini. Kalisti alikuwa analia. Kinywa kilikuwa wazi, uso umekunjamana, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu. Wala hapakuwa na sauti. Hata mkwaruzo wa jana haukuwapo. Alimweka sikioni akasikia pumzi tupu, kama upepo unaopita katika mwanzi uliopasuka.

Alikaa naye hivyo hadi jua lilipofika utosini. Mumewe alikuwa amekwenda kumzika Ngwila. Gaudensia hakuwa na shaka yoyote kwamba Desderia ndiye aliyewaroga, na ndiyo sababu aliamua kumwendea. Anayefunga ndiye ajuaye kufungua. Akamfunga mtoto kifuani, akashuka kilima polepole, akishika nyasi ili miguu yake isiyohisi ardhi isimwangushe.

Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa waya. Hapakuwa na mlinzi, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Maji yalikuwa yameshafika kwenye ukuta wa nyuma. Gaudensia akachungulia katikati ya mbao. Desderia alikuwa ameketi sakafuni karibu na lundo la pumba za asubuhi ile, ungo wake magotini. Walimtupa humo pamoja na vitu vyake vilivyokuwa karibu, kana kwamba hata ungo ulikuwa na hatia.

Gaudensia akapiga magoti upande wa nje. Alisema hakuja kugombana. Alisema kama kosa ni la mumewe, la posho, la maneno, yeye anaomba radhi kwa niaba yake, ila mtoto hajamkosea mtu. Akamfungua Kalisti, akamsogeza kwenye nafasi ya mbao ili mwanamke yule amwone analia.

Desderia alinyosha kidole, akakigusa kifua cha mtoto, akakiacha hapo.

"Mwanangu, mimi sina cha kumfungulia," alisema. "Sikumfunga."

"Basi kwa nini wewe huumwi?"

Hapo Desderia akarudi nyuma kidogo, na Gaudensia akaona kitu ambacho hakukitazamia kwa mchawi. Aliona aibu. Mwanamke mzima aliinamisha uso kama msichana aliyekutwa akidokoa jikoni. Akaanza kueleza kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Aliambiwa atakula kitakachobaki. Katika chungu cha watu thelathini na tano wenye njaa ya kazi hakikubaki kitu, hata ukoko. Wiki ya kwanza alilala na maji. Kisha akakumbuka kuwa pumba alizopewa za bata ni mali yake. Akazipepeta, akatoa maganda makavu, akachekecha zile laini zinazonata vidoleni, akazichemsha, akazitilia kimea cha ulezi alichokuwa ameotesha kutokana na mbegu zake mwenyewe, akaziacha zilale. Ilikuwa togwa. Ilimshibisha. Bata waliposombwa aliendelea kwenda bandani, akiwaacha watu waamini kuwa bata bado wapo. Walipomwuliza mbele ya wanaume wote, hakuweza kutamka kuwa yeye, mpishi wa wali mweupe, anakula chakula cha bata.

"Nilidhani nitadhalilika," alisema. "Sikujua nitauawa."

Gaudensia alihisi hasira ikimpanda, kwa kuwa alikuwa amekuja kutafuta dawa akapewa kisa cha pumba. Akasema kwa ukali kwamba pumba ni takataka, mashine imezikataa, zinatupwa mtoni kila siku.

Desderia aliinua ungo wake, akautikisa mara moja. Vumbi laini likatulia upande mmoja, maganda upande mwingine.

"Tazama. Ungo hupepeta, hauhukumu. Umetenga tu, huku na huku. Aliyesema hiki chakula na hiki taka ni sisi."

Maneno yale hayakumshawishi Gaudensia mara moja. Kilichomshika ni kumbukumbu. Alimwona mama yake akitwanga uani, na mchele ukitoka kinuni bado umevaa ile rangi yake ya udongo, na vumbi hilihili likiwa limeganda kwenye punje. Walikula hivyo miaka yote. Hakukumbuka mtu hata mmoja wa kwao aliyevimba miguu kwa kula wali. Hapa wanakula mchele uliovuliwa mara mbili, na wanakufa. Mwanamke mmoja tu anakula kile kilichovuliwa, na anapanda kilima na ndoo.

Akatazama tena kinywa cha mwanawe kilicho wazi bila sauti, akauliza anahitaji nini.

Alihitaji sufuria, kaa la moto, kitambaa safi, na kimea kilichosalia, ambacho kilikuwa katika kopo juu ya boriti ya kibanda chake. Gaudensia akafungua waya, akamwacha Kalisti mikononi mwa mtu aliyemwita mchawi saa moja iliyopita, kwa kuwa asingeweza kupanda akiwa amembeba. Njia nzima aliwaza kuwa huenda akishuka atamkuta mtoto amekufa, na kwamba aliyemwua atakuwa ni yeye mwenyewe.

Alipotoka kibandani kwa Desderia na kopo chini ya kanga, alimkuta Mchombe ameketi nje ya stoo, miguu ameinyosha mbele kama magogo mawili. Mchombe akamwuliza anatoka wapi. Akajibu anatafuta moto wa kumchemshia mtoto maji. Mchombe aliitazama kanga yake, mahali palipoinuka, akaitazama tena, na Gaudensia akapita mbele yake akijua ameonwa.

Alishuka na sufuria, kaa la moto na kitambaa, akasukuma mlango akaingia. Mtoto alikuwa hai. Desderia alikuwa amekwisha kupepeta, na pumba laini zilikuwa zimekaa pembeni kama unga wa manjano. Alichota kiganja kimoja akazinusa, akasema ni za leo, zinafaa. Zikilala siku mbili hutoa harufu ya mafuta mabovu, hizo hazinywi mtu. Wakachemsha, wakakoroga, wakaacha mpaka kidole kikaweza kuvumilia, wakatia kimea. Baada ya muda uji ule mzito ulilegea wenyewe, ukawa mwepesi, na harufu yake ikawa tamu. Wakachuja kwa kitambaa katika kikombe cha bati.

Desderia akanywa wa kwanza, bila kuambiwa. Kisha akampa Gaudensia.

Gaudensia alikishika kikombe kwa mikono miwili. Juu kilimani alisikia watu wanaitana. Alijua kwamba kama ni sumu, hatabaki mtu wa kumlea Kalisti, na kama si sumu wala si dawa, kesho atakuwa amemfungulia mlango mwanamke ambaye kambi nzima inataka kumwua. Akanywa. Ilikuwa na ladha ya mkate ulioungua kidogo. Akanywa yote, akajaza tena, akachovya kidole, akakitia kinywani mwa mtoto. Kalisti akakisukuma kwa ulimi. Akachovya tena. Mara ya nne mtoto akanyonya.

Walikuwa bado wanamnywesha, tone kwa tone, mlango uliposukumwa. Polikarpo alisimama pale akihema, Mchombe nyuma yake ameshikilia mbao asianguke, na wanaume wengine watatu wakiwa bado njiani wanashuka. Polikarpo aliona kikombe, akaona kidole cha mkewe kinywani mwa mtoto. Uso wake ulikufa rangi. Alinyosha mkono kumpokonya Kalisti.

Gaudensia hakumwachia.

"Baba Kalisti, kama ni sumu, mimi nimeinywa kwanza, na mama huyu ameinywa kabla yangu. Keti hapa. Ungoje pamoja nasi."

"Unajua unachokifanya?"

"Sijui. Najua tulichokuwa tunakifanya kule juu. Kule juu mtoto anakufa."

Mchombe akasema kwamba mke wa msimamizi naye sasa amelogwa, na mtoto atolewe humo kwa nguvu. Polikarpo aligeuka akamtazama. Akatazama pia wale watatu waliofika mlangoni, ambao hawakuwa na nguvu za kutosha hata za kusimama. Kisha akafanya jambo ambalo alikuja kulisimulia maisha yake yote kama jambo pekee la busara alilolitenda mwaka ule. Aliketi kizingitini, mgongo kwa wanawake, uso kwa wanaume, akawaambia neno lilikuwa kesho asubuhi, na kesho asubuhi haijafika.

Wakaondoka. Mchombe alisema, bila kupaza sauti, kwamba mtoto akifa wataondoka bandani watu wawili badala ya mmoja.

Jua likazama. Usiku ule hakuna aliyelala bandani. Gaudensia alikunywa kila kikombe alichopewa na kumnyonyesha mtoto, na katikati ya kunyonyesha akamtia matone. Hakuona badiliko. Mara moja Kalisti alitapika, na mama yake akabana meno asilie. Polikarpo hakugeuka, lakini Gaudensia alisikia pumzi ya mumewe ikisimama kila mtoto alipojinyonganyonga, na kuanza tena alipotulia.

Kulipopambazuka, wanaume walishuka. Walikuwa kumi na wawili, na walishuka wameshikana mabega. Hawakuwa na silaha. Kwa mtu mmoja mzee kidogo na mto ulio mlangoni, silaha ya nini? Mchombe alisimama mbele ya Polikarpo akamwambia asubuhi imefika.

Polikarpo alijaribu kuinuka, miguu yake ikamkataa. Akabaki ameketi, mikono ameitandaza kwenye miimo ya mlango. Mchombe akaunyosha mguu wake mzito kumvuka. Ndani, Desderia alikuwa ameshaondoka ukutani. Alikuwa anajifunga kanga yake upya, taratibu, kama mtu anayeitwa kazini. Gaudensia alimwona akifanya hivyo, akafahamu kuwa mwanamke huyu anajiandaa kufa kwa heshima. Akageuka haraka ili asimame mbele yake, na kwa kugeuka vile akamshtua mtoto aliyekuwa amesinzia.

Kalisti akalia.

Ilikuwa sauti mbaya, yenye mikwaruzo kama mlango wa bati. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena kwa nguvu zaidi, ikajaza lile banda dogo. Mchombe alisimama, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Wanaume wote walijua kwamba mtoto wa msimamizi alikuwa amenyamaa tangu jana asubuhi. Jana walikuwa wakinong'ona juu ya kaburi la kipimo kidogo. Sasa walimsikiliza akilia kwa ghadhabu ya mtoto mwenye njaa, na hapana hata mmoja aliyependa anyamazishwe.

Gaudensia hakumnyamazisha. Alichota kikombe, akampa mumewe. Polikarpo akanywa mpaka mwisho mbele ya macho yao. Akakijaza, akamnyoshea Mchombe.

Mchombe akauliza ni nini.

Desderia ndiye aliyejibu, na safari hii aliinua uso. "Pumba. Zile ulizokuwa unazisukuma mtoni."

Akakipokea, akanywa, akaketi chini palepale matopeni kwa sababu hakuweza kupanda tena kilima.

Tangu siku hiyo mpunga ulipita mashineni mara moja tu, na pumba hazikuona mto. Desderia alipepeta kila asubuhi na wanawake wengine wakachekecha. Zile laini ziliingia katika togwa, katika uji, na kidogo zikakaangwa na kunyunyizwa juu ya wali. Kimea kilipopungua waliotesha mpunga wenyewe. Haikuwa muujiza wa siku moja. Mtu mmoja, aliyekuwa amezidiwa mno, alifariki Jumapili ile, na wawili walibaki wakiburuta miguu hadi uzee wao. Lakini katika wiki mbili vishimo miundini vilianza kupotea, na siku moja Gaudensia alikanyaga jiwe lenye ncha akapiga ukelele, kisha akacheka peke yake njiani kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimeuma.

Barabara ilifunguka mwezi uliofuata. Bwana afya aliyekuja na lori la kwanza aliwapima, akaeleza kwamba katika lile ganda jembamba la ndani la mchele mna vitamini ambayo mwili hauwezi kuendesha moyo wala miguu bila hiyo, na kwamba walikuwa wakiitupa kila siku kwa ajili ya weupe. Alieleza vizuri, na watu waliitikia kwa heshima, ingawa wao walikuwa wamekwisha kujua.

Lori hilohilo Desderia aliomba kuondoka nalo. Wanaume walipanga mstari kumwomba radhi. Polikarpo alimsihi abaki, kwa mshahara na posho kamili, na kwa sauti yake mwenyewe akasema mbele ya wote kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake, pale alipomwambia atakula kitakachobaki. Desderia aliwapokea wote mikono, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mchombe alimpa mkono kama wengine, lakini akamwambia, "Nilikuwa nimewapikia zaidi ya wiki tisa. Mlikuwa mnanijua." Akapanda lori na ungo wake, na hakurudi tena Luhembe.

Gaudensia ndiye aliyeyabeba maneno yake. Aliyasema kwa wanawake waliotaka kujua togwa ile inapikwaje, na wao wakayasema kwa wengine. Baadaye yakaanza kusemwa hata mahali pasipo na mpunga: barazani, watu wanapotaka kumfukuza mtu kwa kuwa hafanani nao, nyumbani, mtoto mmoja anaposifiwa na mwenzake akatupwa kando. Hapo mtu mmoja huinuka akauliza ni nani aliyekata shauri kwamba huyu ni mchele na yule ni pumba. Kutenga ni kazi ya ungo, na ungo hauna kosa. Jina la taka tunalitoa sisi kwa vinywa vyetu, na vinywa vyetu vimewahi kukosea hata vikataka kuua.

Kwa hiyo kesho mkimkuta yule mama mashineni, msimcheke. Mshikieni mfuko. Mumwulize pia kama ni za leo.

Ungo hupepeta, hauhukumu.